Anayeanguka kwa Niaba ya Steringi

Kila aliyekulia kambini anaijua sheria ya kwanza ya kibanda umiza: steringi hafi. Atapigwa, atachomwa, gari litapinduka naye, atarushwa kutoka ghorofani, lakini mwisho wa muvi utamwona anatoka kwenye moshi anajifuta damu. Tulipokuwa watoto tulikaa kwenye yale mabenchi ya mbao, betri ya sola inaisha chaji katikati ya pigano la mwisho, na tunabishana mpaka mwenye kibanda anatufukuza. Ubishi ulikuwa ule ule kila siku: nani mkali, Jackie Chan au Bruce Lee?

Kuna mtu hatukuwahi kumbishania. Ni yule anayeanguka kwa niaba ya steringi. Hatukujua hata kama yupo.

Nilimjua nikiwa na miaka kama kumi na sita. Kaka mmoja alikuja na simu yenye video ya namna muvi zinavyotengenezwa. Steringi amekaa kwenye kiti, anakunywa maji. Pembeni, mtu mwingine mwenye nguo zile zile na nywele zile zile anarushwa ukutani. Anaamka, anapangusa vumbi, anarushwa tena. Tulikasirika kweli. Tulimkasirikia mpaka yule kaka mwenye simu, kama vile ametuibia kitu.

Leo nina miaka ishirini na saba. Nafanya kazi na vijana hapa kambini, Kigoma, na kila mwaka naona zaidi kwamba yule wa ukutani ndiye tungepaswa kumuuliza maswali tangu mwanzo. Swali langu ni hili. Mtu ameumia miaka mingi ili jina la mwingine ling'ae. Siku akipanda na yeye akawa mkubwa, anadaiwa nini na wale waliobaki pale alipotoka? Au hadaiwi kitu, kwa sababu alishalipa kwa mifupa yake?

Nianze na mtu mmoja ambaye muvi zake wengi tumeziona bila kujua historia yake. Chad Stahelski alizaliwa Marekani, jimbo la Massachusetts, mwaka 1968. Alikuwa mpiganaji wa ngumi na mateke, na alifanya mazoezi California kwenye chuo cha Dan Inosanto, mtu aliyekuwa mwanafunzi na rafiki wa Bruce Lee. Huko alifahamiana na Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee mwenyewe.

Mwaka 1993 Brandon alikuwa anaigiza muvi inayoitwa The Crow, huko North Carolina. Kwenye tukio moja alitakiwa kupigwa risasi ya uongo. Ndani ya mtutu wa bastola kulikuwa kumebaki kipande cha risasi, na hakuna aliyekikagua. Brandon alikufa tarehe 31 Machi, ana miaka 28. Muvi ilikuwa inakaribia kuisha, ikaamuliwa imaliziwe. Aliyeitwa kuvaa nguo za marehemu na kutembea mwendo wake alikuwa Stahelski. Sura ya Brandon ikabandikwa kwa kompyuta juu ya mwili wa rafiki yake, na muvi ikatoka mwaka 1994.

Nilipoijua habari hii nilikaa nayo siku nyingi. Sisi tulikuwa tunaimba kwamba steringi hafi. Kumbe pale steringi alikufa kweli, na mtu asiye na jina ndiye aliyesimama ili aonekane hajafa.

Baada ya hapo Stahelski akawa mwili wa Keanu Reeves kwenye The Matrix, mwaka 1999. Rafiki yake David Leitch alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo kwa Brad Pitt kwenye Fight Club, mwaka ule ule. Wawili hao walianzisha kundi lao la kufundisha na kupanga mapigano, linaitwa 87Eleven. Kisha Keanu akawaletea hadithi ya John Wick akiwaomba wapange mapigano. Wao wakasema: sisi tunataka kuiongoza. Muvi ikatoka mwaka 2014. Hapo kuna jambo linanichekesha kwa uchungu. Waliiongoza wawili, lakini kwa taratibu za chama cha waongozaji huko Marekani jina la mwongozaji liliandikwa moja tu, la Stahelski. Leitch akaandikwa kama mtayarishaji. Yaani hata siku ile ya kutoka gizani, mmoja wao alibaki gizani kidogo. Baadaye na yeye akapata zake: Atomic Blonde mwaka 2017, Deadpool 2 mwaka 2018, na nyingine.

Hawakuwa wa kwanza. Hal Needham aliruka na kuanguka kwa niaba ya wengine kabla yao, akavunjika mifupa 56 na mgongo mara mbili, na mwaka 1977 akaongoza Smokey and the Bandit iliyojaza kumbi za sinema Marekani. Jackie Chan wetu naye alianza hivyo. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita vya China wakafika Hong Kong, yeye akalelewa kwenye shule kali ya maigizo, na alipokuwa kijana alipigwa na kutupwa kwenye muvi za Bruce Lee bila mtu kujua jina lake. Sisi tuliokuwa tunabishana kibandani nani mkali, hatukujua kwamba mmoja alikuwa anaanguka kwenye muvi za mwingine.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ni kweli. Lakini methali inaishia hapo, haituambii itakuwaje maiti akifufuka akapewa kazi ya kusimamia makaburi. Watu kama Stahelski na Needham ndio maiti waliofufuka. Na mimi, kwa kipimo changu kidogo, ni mmoja wao.

Nieleze. Kabla sijawa kiongozi wa vijana nilikuwa mkalimani. Nililipwa ile posho tunayoiita insentivu. Mama anakaa mbele ya meza, anasimulia kwa Kibembe usiku ule nyumba ilivyoungua, na mimi nageuka kwa mwenye kalamu nasema, "Niliona moto, nikambeba mtoto wangu mdogo." Mkalimani hasemi "yeye aliona". Anasema "niliona". Nimesema "mimi" kwa uchungu wa watu wengi sana, mengine nikirudi nyumbani yananikosesha usingizi. Kisha ripoti inatoka, nzuri, ina picha na majina ya watu waliofanya kazi kubwa. La kwangu halimo. Wala la wenzangu.

Hapo nilijifunza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kupotea ndani ya kazi siyo dhuluma. Mkalimani mzuri anapotea, na ndiyo ufundi wenyewe. Kwenye John Wick ya nne, ya mwaka 2023, kuna kipande anaporomoka kwenye ngazi zile za Paris zinazopanda kwenda kanisa la Sacré-Cœur. Ngazi ni 222. Aliyeporomoka ni Mfaransa anaitwa Vincent Bouillon. Wakati tunaangalia tunasema "John Wick kaanguka", na ni sawa tuseme hivyo, kwa sababu tukimwona Bouillon pale hadithi imekufa. Alikubali kupotea ili hadithi iishi. Dhuluma inaanza taa zikiwaka. Ni pale hadithi imeisha, watu wanapiga makofi, na aliyepotea anaachwa apotee moja kwa moja. Tuzo za Oscar zilianza mwaka 1929. Tuzo ya kazi ya stanti ilitangazwa mwaka 2025, na itaanza kwa muvi zitakazotoka mwaka 2027. Karibu miaka mia moja watu wanaanguka, na mwenye nguo nzuri ndiye anapanda jukwaani.

Kwa hiyo nilipopewa kikundi cha vijana wa maigizo, nilijiapiza kwamba kwangu haitakuwa hivyo. Sasa nisimulie kilichotokea.

Tulikuwa tunatengeneza mchezo mfupi kwa simu ya kuazima. Hadithi ni ya kijana anayekimbia kundi lenye silaha linalotaka kumsajili. Mwisho anaruka ukuta na kupona. Steringi wetu ni kijana mtanashati, anajua kulia kwenye kamera, lakini alipoufikia ule ukuta wa matofali akagoma. Ulikuwa na urefu wa watu wawili waliosimamiana. Akajitokeza mwingine, mdogo kuliko wote, kijana mwembamba ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukaa chini. Akavaa jezi nyekundu ya steringi. Akaniambia, "Yaya, usiogope. Miye nimezoea."

Upande wa pili tulikuwa tumeweka nyasi na magunia. Niliziangalia zile nyasi. Moyoni nilijua hazitoshi. Lakini simu ilitakiwa irudishwe jioni, jua lilikuwa linashuka, na mwanga ulikuwa mzuri. Nikasema, "Haya, twende."

Aliruka vizuri ajabu. Alitua pembeni ya nyasi, na mkono ukavunjika.

Nikiwa nambeba kwenda zahanati, alikuwa ananituliza yeye. "Usijali yaya. Nitaambia mama nilianguka ku muembe." Na mimi, mtu mzima, kiongozi, niliyekula kiapo, nikanyamaza. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilinyamaza, ambayo ni njia ya waoga ya kusema ndiyo.

Haikuishia hapo. Picha ilikuwa imetoka nzuri. Nzuri kuliko kitu chochote tulichowahi kupiga. Mwili unaelea juu ya ukuta, jezi nyekundu, jua nyuma yake. Nikaiacha ndani ya muvi. Siku ya kuonyesha, watu zaidi ya mia walipiga kelele pale pale, na wakamkumbatia steringi. Mwishoni majina yakapita kwenye kitambaa cheupe. La yule kijana halikuwemo. Ningeliandikaje? Kumwandika ni kukiri kwamba aliruka, na kukiri kwamba aliruka ni kukiri kwamba hakukuwa na mwembe. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na mkono umefungwa, anapiga makofi kwa kujigonga gotini.

Kile nilichokuwa nalalamikia miaka yote, nilikuwa nimekifanya kwa mikono yangu. Tena kwa mtoto ambaye hata insentivu halipwi.

Usiku ule nilitafuta visingizio, na navitaja hapa kwa sababu najua navyo si vyangu peke yangu.

Cha kwanza: kijana mwenyewe alitaka. Ndiyo, alitaka. Lakini alitaka nini? Alitaka yaya aseme "safi". Mtu akiwa juu yako, akiwa na uwezo wa kukusifia mbele ya wenzako, hiari yako siyo hiari tupu. Hata kwa watu wazima waliobobea iko hivyo. Mwaka 2017, Vancouver, Kanada, wakati wa kupiga Deadpool 2, mwanamke anayeitwa Joi Harris alikufa kwenye pikipiki. Alikuwa mkimbiza pikipiki wa mashindano, anajua kazi yake, lakini hiyo ilikuwa muvi yake ya kwanza kufanya stanti. Hakuwa na helmeti. Mamlaka ya usalama kazini ya jimbo lile ilichunguza, ikakuta mapungufu upande wa kampuni iliyokuwa inamwajiri. Na mwongozaji wa muvi ile alikuwa nani? David Leitch, mtu aliyeanguka kwa niaba ya wengine miaka mingi kuliko ambavyo mimi nimefanya kazi yoyote. Sisemi Leitch alimuua. Sikuwepo, na uchunguzi ulihusu kampuni. Ninachosema kinanitisha zaidi ya hapo: kwamba mtu anaweza kuijua hatari kwa mwili wake mwenyewe, akazungukwa na wataalamu na fedha, na bado mtu akafa kwenye kazi anayoiongoza. Kumbe kuumia zamani hakukupi kinga ya kutoumiza. Sasa mimi na magunia yangu nilikuwa najiamini kwa kitu gani?

Cha pili: sisi tuliteseka, ndiyo maana tuko imara. Hiki ndicho kisingizio kikubwa hapa kwetu. Mwalimu anakisema akiwa ameshika fimbo, fundi anakisema kwa anayejifunza kazi, na sisi wa insentivu tunakisema kwa wanaojitolea. "Mimi nilibeba maji miaka miwili kabla hawajanipa kalamu. Na wewe beba." Kina sauti ya hekima. Lakini angalia nani anayekisema: ni wale waliopona tu. Jackie Chan mwishoni mwa muvi zake huonyesha vipande alivyokosea na kuumia, na sisi tulikuwa tunabaki kibandani kuviangalia tukicheka. Kwenye Armour of God ya mwaka 1986 alianguka kutoka kwenye mti huko Yugoslavia, fuvu likapasuka. Tunacheka kwa sababu tunajua aliamka. Asiyeamka hana kipande cha mwisho wa muvi. Aliyevunjwa na mateso akaacha shule, akaacha kikundi, akarudi porini, haji kwenye semina kutoa ushuhuda kwamba mateso yalimjenga.

Cha tatu: hatuna uwezo. Hatuna magodoro wala bima, na simu yenyewe ya kuazima. Hiki kina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni cha hatari kuliko vyote. Umaskini wetu ni wa kweli. Lakini nimekuja kuona hivi: kama hatuna godoro, basi hatuna na ule mruko. Kamera ingeweza kuonyesha kijana anaukimbilia ukuta, kisha ikaonyesha miguu yake inakimbia upande wa pili. Watazamaji wangemalizia wenyewe vichwani. Uwezo wa kununua ndio tuliokosa. Uwezo wa kusema "leo tusiruke" nilikuwa nao, tena nilikuwa nao mimi peke yangu.

Hapo ndipo Needham ananifundisha. Kati ya vitu anavyosifiwa navyo ni kuingiza kwenye kazi ya stanti mfuko mkubwa wa hewa wa kuangukia. Mtu aliyevunjika mgongo mara mbili aliwaza: anayekuja baada yangu aangukie wapi? Maumivu ni yale yale, lakini yanaweza kuzaa sentensi mbili. Moja inasema: mimi niliangukia ardhi, na wewe iangukie. Nyingine inasema: mimi niliangukia ardhi, ndiyo maana nimeleta mfuko. Zamani nilidhani mateso yenyewe yanamfundisha mtu sentensi ya pili. Hapana. Mateso yanakupa maarifa tu. Utayatumiaje, unachagua upya kila siku, na mara nyingi unachagua saa kumi na moja jioni jua linashuka.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba aliyepanda anadaiwa, na anadaiwa kuliko yule ambaye hajawahi kuanguka. Mwenye kiti na maji ya kunywa anaweza kusema hakujua. Sisi hatuwezi. Mimi nilijua kwamba nyasi hazitoshi. Na deni lenyewe haliishi kwa kuandika jina, ingawa lazima jina liandikwe. Jina bila godoro ni shada la maua. Muvi ile ya Vancouver imewekwa wakfu kwa kumbukumbu ya Joi Harris, na ni vizuri, lakini yeye hakuliona.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwa mama wa yule kijana. Nilikaa kwenye kigoda nikasema, "Mama, mwanao hakuanguka kwenye mwembe. Aliruka ukuta, na mimi ndiye niliyemwambia aruke."

Aliendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Mwembe uko wapi, mwanangu? Ule wa kwetu walishakata wakapikia. Nilikuwa nangojea nione utakuja au hutakuja."

Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama ningekuja iwapo mtoto angekuwa hakupona. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mpaka leo sina jibu ninaloliamini.

Tuliirudia kuionyesha muvi, safari hii na jina lake, maandishi makubwa, peke yake kwenye kitambaa: aliyeruka ukuta. Watu walipiga makofi. Yeye akaniinamia sikioni, "Yaya, umeandika vibaya. Jina letu iko na 'h'." Tumerekebisha.

Mkono umeunga, umepinda kidogo. Sasa kazi yake kwenye kikundi ni kukagua pa kuangukia. Tulikubaliana wote, na tuliandika kwenye daftari: akisema hapana, ni hapana, hata kama simu inarudi jioni, hata kama anayetaka ni mimi. Wiki iliyopita tulikuwa na kipande cha kuruka mfereji. Mwanga ulikuwa mzuri. Akashuka mle, akakanyaga kanyaga, akapanda, akatikisa kichwa. Nilikasirika, sitawadanganya. Nilitaka kumwambia kwamba mimi enzi zangu niliruka mifereji mikubwa kuliko huo. Nikakumbuka, nikanyamaza. Tukaenda wote kutafuta nyasi zaidi, na giza likatukuta huko.